Ua la Nondo, Ua wa Nondo

Wahakiki tumezoea kutafuta fani na maudhui vitabuni tu. Katika makala hii nitavitafuta kwenye geti.

Likizo iliyopita nilikaa kwa mjomba Magamba, kata ya mjini Mpanda, katika Mkoa wa Katavi uliozaliwa mwaka 2012. Kila asubuhi nilipita mbele ya geti moja la chuma: katikati jua linachomoza kwa miale ya nondo, pembeni maua, juu kabisa mikuki. Hebu tulisome.

Tuanze na fani. Fundi huchora umbo kwa chaki sakafuni, hupinda chuma kufuata mchoro, huchomelea, kisha hupaka rangi. Lakini nafasi kati ya nondo na nondo haipangwi na urembo peke yake. Lazima iwe ndogo kuliko kichwa cha mwizi. Pale ambapo mwanya umezidi, ndipo fundi huweka ua. Kumbe ua si pambo lililobandikwa juu ya ulinzi. Lenyewe ndilo ulinzi! Kiswahili kilishatutangulia: ua la maua na ua wa kuzungushia nyumba ni matamshi yaleyale.

Wala jambo hili si geni kwetu. Milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ina misumari mikubwa ya shaba, na kwenye miimo yake huchongwa mnyororo, ambao hufasiriwa kuwa alama ya ulinzi. Huko nako mpita njia anakaribishwa kutazama, huku akiambiwa aishie hapohapo.

Sasa maudhui, na hapa ndipo penye utata. Hadhira ya sanaa hii iko barabarani. Je, aliye ndani? Usiku mmoja soketi ya chumba nilicholala ilitoa cheche na moshi karibu na mlango. Nikakimbilia dirishani. Nikashika ua la grili. Wapi bwana, halikutikisika, maana lilichomelewa moja kwa moja. Moshi ulikwisha wenyewe, lakini somo nililipata: nondo hazimtambui mwenye nyumba.

Dawa yake si kuacha urembo. Grili moja kila chumba cha kulala ifungwe kwa bawaba, na ufunguo ukae ndani, jirani na dirisha. Fundi anaweza kuchora jua lilelile likafunguka.

Kwa hiyo mhakiki anayeishia kusema "limependeza" hajahakiki bado. Aulize: limempendeza nani, aliye nje au aliye ndani?