Wacheza baleti wanapotunga dansi zao wenyewe

MCHEZAJI wa baleti hufundishwa kutii tangu utotoni. Huambiwa mguu auweke wapi, mkono auinue kiasi gani na shingo aielekeze upande upi. Ajira yake nayo ni fupi, kwani wengi huliaga jukwaa kabla ya kutimiza umri wa miaka 40. Je, mtu aliyelelewa kwa kufuata amri hugeukaje kuwa mtunzi?

Jibu mojawapo lapatikana Stuttgart, kusini magharibi mwa Ujerumani. Mnamo 1958 wapenzi wa sanaa hii waliunda huko Jumuiya ya Noverre, iliyopewa jina la Jean-Georges Noverre, Mfaransa aliyeongoza baleti mjini humo katika karne ya 18. Miaka mitatu baadaye, usukani wa kundi la baleti la Stuttgart ulitwaliwa na John Cranko, mzaliwa wa Rustenburg, Afrika Kusini. Cranko mwenyewe alikuwa ameanza kutunga akiwa kijana mjini Cape Town, na aliunga mkono maonyesho ya jumuiya hiyo ambapo wachezaji waliwasilisha tungo zao mbele ya watazamaji.

Umuhimu wa mpango kama huo ni upi? Malenga hutosheka na kalamu na karatasi, na akiboronga huchana ukurasa pasi na mtu kujua. Mtunzi wa dansi hana bahati hiyo. Karatasi yake ni miili ya watu, nayo huchoka na kuumia. Isitoshe, wale aliocheza nao bega kwa bega jana ndio anaotakiwa kuwaelekeza leo, aghalabu baada ya saa za kazi, ilhali wanamjua udhaifu wake wote.

Kwa hivyo kundi humpa ukumbi, wachezaji, taa na, muhimu kuliko vyote, ruhusa ya kushindwa. Hili la mwisho ni adimu. Kazi kubwa yenye orkesta na mavazi mapya hugharimu pesa nyingi, ndiposa wakurugenzi hukimbilia majina makubwa au tungo za kale kama Ziwa la Mabata, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Moscow mwaka wa 1877. Tikiti zake huuzika. Dansi ya dakika 10 ya kijana asiyejulikana ikianguka, hasara ni ya jioni moja tu.

Matunda ya Stuttgart hayahitaji mpiga debe. Jiří Kylián, kijana kutoka Prague, alionyesha huko utunzi wake mwaka wa 1970, na kufikia 1975 alikuwa miongoni mwa viongozi wa kundi mashuhuri la Uholanzi. Mmarekani William Forsythe alifuata mwaka wa 1976, kisha akaongoza baleti ya Frankfurt kwa miaka 20 kuanzia 1984. Mwenzao John Neumeier, aliyepitia kundi lilo hilo, aliiongoza baleti ya Hamburg kuanzia 1973 hadi 2024.

Msomaji makini atakuwa ametambua kwamba wote hao ni wanaume, ingawa madarasa ya baleti hufurika wasichana. Mwaka wa 2017, Crystal Pite wa Kanada alipotunga kazi kwa ajili ya jukwaa kuu la Royal Ballet mjini London, ilikuwa imepita miaka 18 tangu mwanamke mwingine apewe fursa hiyo.

Sababu mojawapo ni ratiba. Tungo za kale huhitaji safu ndefu za wasichana wanaosogea kama mwili mmoja, nao hushinda mazoezini mchana na kupanda jukwaani usiku. Wavulana, ambao ni wachache na huhitajika kwa saa chache, hubaki na muda wa kujaribu mambo. Kundi linalotangaza nafasi kwa watunzi chipukizi bila kugusa ratiba hiyo litapokea maombi ya walewale.