Bonzo Dog Doo-Dah Band: bendi ya mizaha iliyoanzia kwenye redio

Tulipoupiga wimbo "The Intro and the Outro" kwenye kipindi chetu cha jioni, simu ya kwanza iliuliza wimbo wenyewe unaanza lini. Ya pili iliuliza kama fundi mitambo wetu amelala. Ujumbe wa tatu ulitoka kwa mama mmoja aliyesema Kiingereza chake ni cha kuombea maji, lakini amecheka, na sasa anataka kujua amecheka nini. Makala haya ni jibu lake.

Wimbo huo una dakika tatu hivi, na ndani yake hakuna ubeti wala kiitikio. Kuna mtu mwenye sauti nzito, ya kistaarabu kupita kiasi, anayewatambulisha wanamuziki mmoja mmoja huku muziki ukipanda taratibu nyuma yake. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tumezoea mwimbaji kumtaja mpiga solo, mpiga besi, na tajiri aliyelipia vinywaji. Hapa nako mambo yanaanza hivyohivyo: wanaotajwa kwanza ni wanabendi wa kweli. Kisha, bila sauti kubadilika hata kidogo, anaanza kuwataja waigizaji wa sinema, wanasiasa, hadi Adolf Hitler, kila mmoja na chombo chake. Jukwaa linajaa watu ambao usingeweza kuwaweka chumba kimoja kwa dakika tano. Utambulisho unapoisha, na wimbo umeisha. Bendi hiyo kubwa kuliko zote duniani haikupata nafasi ya kupiga chochote.

Waliofanya hivyo, mwaka 1967 kwenye albamu yao ya kwanza, "Gorilla", waliitwa Bonzo Dog Doo-Dah Band. Hata kwao Uingereza watu wengi wanaukumbuka wimbo wao mmoja tu. Huku kwetu hatujakutana na kituo kinachowapiga, na kwa kweli hata sisi tulichelewa.

Usiku wa ngumi

Kisa chao kinatugusa watu wa redio kwa sababu kinaanzia hapo. Tarehe 25 Septemba 1962, Floyd Patterson alipanda ulingoni Chicago kuutetea ubingwa wake wa dunia wa uzito wa juu dhidi ya Sonny Liston. London ilikuwa usiku wa manane. Wanafunzi wawili wa sanaa, Rodney Slater na Vivian Stanshall, walikuwa wamekesha kusikiliza pambano hilo redioni. Liston alimaliza kazi katika raundi ya kwanza, kwa dakika mbili na sekunde chache. Muda wa kuongea ukabaki mwingi, na urafiki uliotokana na usiku ule ndio uliozaa bendi.

Jina walilipata kwa mchezo wa kukata sentensi vipandevipande na kuviunganisha ovyo. Bonzo alikuwa mbwa wa katuni, kazi ya mchoraji George Studdy, aliyependwa sana Uingereza miaka ya 1920. Kipande cha pili kilikuwa Dada, jina la kundi la wasanii lililoanzia Zürich mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wasanii wale walisema kwamba dunia inayojiita yenye akili ndiyo inayochinja vijana kwa mamilioni, basi wao watafanya sanaa isiyo na akili. Kwa hiyo bendi iliitwa Bonzo Dog Dada Band, mpaka wenyewe walipochoka kueleza kila ukumbini Dada ni nini. Wakabadilisha herufi chache, ikawa Doo-Dah, na maswali yakakoma.

Walianza kwa kupiga muziki uliokwisha kusahauliwa. Walizunguka kwenye masoko ya vitu chakavu wakinunua kwa bei ya kutupa santuri nzito za kasi ya 78, wakitafuta nyimbo za kipuuzi za miaka ya 1920 na 1930, kisha wakazipiga kwenye baa. Neil Innes, aliyesomea sanaa Goldsmiths, aliingia na kinanda na kipaji cha kutunga nyimbo ambacho wenzake hawakuwa nacho. Larry Smith alipiga ngoma, na alipojisikia aliziacha akaja mbele ya jukwaa kucheza kwa kugonga viatu. Mwingine alipiga vijiko, na jina la jukwaani likawa Sam Spoons, yaani Sam wa Vijiko. Roger Ruskin Spear alipiga saksafoni, lakini mapenzi yake yalikuwa mashine: alikuja na maroboti ya kujitengenezea, na mguu wa sanamu ya dukani ambao ndani yake alitia chombo cha umeme kinacholia mkono unapokisogelea.

Mwaka 1966 walipata pigo ambalo mwishowe liliwafaa. Mtunzi Geoff Stephens alikuwa amerekodi studio wimbo wa mtindo huohuo wa kizamani, "Winchester Cathedral", chini ya jina la New Vaudeville Band, bendi ambayo haikuwepo. Wimbo ukavuma mpaka nafasi ya kwanza Marekani, na ghafla ikahitajika bendi ya kusimama jukwaani. Wana-Bonzo walifuatwa, wakakataa. Mmoja wao tu, mpiga tarumbeta Bob Kerr, ndiye aliyekwenda. Waliobaki wakajikuta wanaonekana wao ndio waigaji. Hapo ndipo walipochukua magitaa ya umeme kwa nguvu na kuanza kuucheka muziki wa siku zao wenyewe.

Kuharibu kwa ustadi

Tuseme waziwazi kinachotufanya tuwasifu. Bendi nyingi za mizaha huandika maneno ya kuchekesha halafu zinatafuta muziki wowote wa kuyabeba. Ukishajua kichekesho, wimbo umekwisha kazi. Hawa walikitia kichekesho ndani ya muziki wenyewe, ndiyo maana mama yetu wa wali na maharage, asiyefuata maneno, aliweza kucheka.

Chukua "Canyons of Your Mind" ya mwaka 1968. Ni wimbo wa mapenzi wa aina ya Elvis Presley, sauti inatetemeka kwa huzuni, kila kitu kiko mahali pake. Halafu unafika wakati wa gitaa kung'ara peke yake. Innes anapiga gitaa baya kuliko lolote ulilowahi kusikia: linachelewa, linakosa noti, linapapasa kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani. Mwanamuziki asiyejua hawezi kupiga vibaya namna ile. Atakosea popote tu. Innes alikosea mahali ambapo sikio lako lilikuwa limeshasikia noti sahihi kabla haijapigwa. Tuliwapigia wanamuziki wawili wa bendi ya hapa mjini, watu wa harusi na sherehe, na ndio waliocheka kuliko wote.

Upande wa pili wa santuri hiyohiyo ndio uliouza. "I'm the Urban Spaceman", utunzi wa Innes, ulifika nafasi ya tano Uingereza, na ndio wimbo pekee wa bendi hii uliovuma. Mtayarishaji aliyeandikwa kwenye lebo ni Apollo C. Vermouth. Jina hilo walijificha nyuma yake watu wawili, Gus Dudgeon na Paul McCartney wa Beatles. McCartney aliwafahamu vizuri: bendi hii ilikuwa imeonekana kwenye filamu ya Beatles, "Magical Mystery Tour", iliyorushwa na BBC siku moja baada ya Krismasi 1967. Katika kurekodi, Stanshall alitaka kupiga mpira wa kumwagilia bustani, wenye mdomo wa tarumbeta upande mmoja na faneli upande wa pili, akiuzungusha juu ya kichwa chake. Innes alisimulia baadaye kwamba mafundi walisema haiwezekani kurekodi sauti inayozunguka, naye McCartney akawaambia waweke maikrofoni kila pembe ya chumba.

Miaka hiyo walikuwa pia bendi ya kipindi cha watoto cha televisheni, "Do Not Adjust Your Set". Waigizaji wake walikuwemo Eric Idle, Terry Jones na Michael Palin, ambao mwaka 1969 walianzisha Monty Python na wenzao. Python wakawa maarufu dunia nzima. Bonzo hawakufika huko. Walikwenda Marekani mwaka 1969, wakarudi wamechoka, na 1970 wakavunja bendi.

Albamu yao ya mwaka 1969 iliitwa "Keynsham", na hapa redio inarudi. Keynsham ni mji mdogo karibu na Bristol. Waingereza wa rika lao waliujua kwa sababu ya tangazo la Radio Luxembourg, kituo kilichosikilizwa usiku na vijana waliokosa muziki wao BBC. Bwana Horace Batchelor aliuza njia yake ya kubahatisha mechi zitakazotoka sare, na kila alipotoa anwani alilitaja jina la mji herufi kwa herufi, taratibu, ili mtu asikosee kuandika bahasha. Anayedhani matangazo ya kubeti redioni yamekuja na simu za mkononi, ndiyo hayo. Watoto waliosikia herufi zile usiku baada ya usiku, wakubwa wao wakazifanya jina la albamu.

Si kila walichofanya kinatupendeza. Albamu ya "Tadpoles" ina nyimbo za enzi za himaya, kuhusu kuwinda chui milia India na ngamia wa Ali Baba. Walizipiga kwa kuzikejeli, tunaelewa. Hata hivyo sikio la mtu ambaye babu yake alitawaliwa linasikia kejeli hiyo kwa umbali kidogo. Hizo hatujazipiga.

Stanshall ndiye aliyelipa bei kubwa. Kwa miaka mingi alipambana na hofu, ulevi na dawa za kutuliza. Kazi yake bora baada ya bendi ilikuwa, tena, ya redio: kwenye kipindi cha John Peel wa BBC Radio 1 alisimulia mambo ya Sir Henry wa Rawlinson End, bwana mkubwa wa Kiingereza, mlevi, mbaguzi, mwenye nyumba inayobomoka. Wahusika wote aliwaigiza mwenyewe kwa sauti yake. Ikawa santuri mwaka 1978, na filamu mwaka 1980. Sauti yake pia ndiyo inayotambulisha vyombo kwenye "Tubular Bells" ya Mike Oldfield, 1973, lakini mara hii vyombo vyote ni vya kweli. Alifariki Machi 1995 kwa moto ndani ya makazi yake London, akiwa na umri wa miaka 51.

Innes aliendelea vizuri zaidi, ingawa mzaha ulimgharimu fedha. Mwaka 1978 alitunga nyimbo za Rutles, bendi ya kubuni inayowaiga Beatles. Aliiga vizuri mno: wenye hakimiliki za nyimbo za Beatles walimdai, naye akalazimika kuwagawia mapato. Kisha mwaka 1994 Oasis walitoa wimbo "Whatever", na safari hii Innes ndiye aliyedai, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kipande cha wimbo wake mwenyewe. Akaongezwa kwenye orodha ya watunzi. Alifariki Desemba 2019.

Ijumaa hii, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, tutapiga pande zote mbili za ile santuri ya 1968. Tutaanza na "I'm the Urban Spaceman", msikilize mpira wa bustani mwishoni. Inayofuata ni "Canyons of Your Mind". Gitaa litakapoharibika katikati, tafadhali msitupigie simu. Fundi mitambo atakuwa macho.