Mimi, Msee wa Kibokoni na Kaburi la Vasco da Gama

Wasee wakishika doo kidogo, wengi hukimbilia Dubai. Hiyo ni sawa, kila mtu na raha yake. Lakini kama uko na beshte wa ukweli, yule mnaweza tembea naye kutwa nzima na stori hazikauki, mpeleke Lisbon. Mimi nilienda na msee wa Kibokoni, mtoto wa Mji wa Kale Mombasa, amekulia akipiga boli karibu na kuta za Fort Jesus. Lisbon ilikuwa mpya kwetu wote wawili, na bado ni yeye alinionyesha huo mji.

Kufika huko kulikuwa na shughuli. Visa ya Schengen inataka stetimenti za benki, barua ya job, mahali utalala na bima ya euro 30,000 kwenda juu. Tulikusanya hayo makaratasi tukitumiana kwa simu usiku wa manane, "hii picha iko sawa?", "hii stempu inaonekana?", mpaka mathe yangu akadhani nimepata manzi.

Siku ya kwanza mimi nilikuwa na form ya kupanda vilima nione mji kwa juu. Jamaa akakataa katakata. Tulikuwa hatujatoa hata viatu kwenye begi.

"Twende kwa Vasco kwanza, ndugu yangu. Mengine yatangoja."

Hivyo ndio tulidondoka Belém asubuhi, kwa monasteri ya Jerónimos. Manze, hiyo jengo! Mawe meupe yamechongwa kamba za meli, majani, matumbawe, wanyama, hadi unashindwa uanze kucheki wapi. Mfalme Manuel wa Kwanza aliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1500, na ganji ilitoka kwa ushuru wa asilimia 5 ya biashara ya Afrika na India. Nilimsomea jamaa hiyo stori kwa simu. Akaweka kiganja chake kwa ukuta, akakiacha hapo kitambo.

"Basi na sisi tumelichangia jiwe hili," akasema.

Ukiingia tu kanisani, kaburi ni hapo karibu na mlango. Upande mmoja amelala Vasco da Gama, upande wa pili Camões, yule mshairi wao mkubwa. Sanamu ya Vasco imelazwa chali, mikono imeunganishwa kifuani anaomba, na ubavuni wamemchongea meli ndogo, tanga limejaa upepo. Watalii walikuwa wamepanga laini, kila mtu selfi moja halafu anahepa. Jamaa yangu hakutoa simu. Alisimama kando ya hiyo meli akaanza kunibongesha polepole, kwa Kimvita chake cha nyumbani, venye babu yake alikuwa akimpea stori.

Shule mimi nilifunzwa Vasco kwa mstari mmoja: alifika pwani mwaka wa 1498, andika, chora mshale, funga kitabu. Jamaa alinijazia. Mwezi wa Aprili mwaka huo meli zilitia nanga nje ya Mombasa na mambo hayakuenda poa. Kitabu cha safari cha hao Wareno wenyewe kinasema waliwamwagia watu wawili mafuta ya moto ndio waseme ukweli. Wakasonga hadi Malindi, wakapokelewa vizuri, wakapewa rubani, na Mei 20 wakawa wamefika Calicut. Mwaka wa 1505 wenzao wakarudi na meli za vita za Francisco de Almeida. Mombasa ikaporwa na kuchomwa. Fort Jesus hao Wareno walianza kuijenga 1593, na ilichukua Waomani karibu miaka 3 ya kuizingira ndio waitwae, 1698.

"Huyu alifia India, 1524," akamalizia. "Hapa wamemleta 1880. Wamemlaza vizuri, sikatai. Lakini wale wa kwetu waliochomwa, nani awajua majina?"

Sikuwa na jibu, na sikutafuta. Tulisimama tu. Hapo ndio niliamini kuna mahali usiende pekee yako. Ningekuwa solo ningepiga picha ya meli, niposti, nitafute dishi. Na nakwambia, hiyo nusu saa kando ya kaburi ndio kitu kikubwa nimewahi ona majuu, na sikuiona na macho yangu pekee.

Ukitoka hapo kuna ule mnara wa kusifu wasafiri wao, uko kwa mto Tejo, umesimama tangu 1960. Chini yake kuna ramani ya dunia ya marumaru, zawadi ya Afrika Kusini, na watu huikanyaga wakitembea. Tuliitafuta Afrika, tukafuata ukingo wake kwa miguu: Rasi, Msumbiji, tukipanda. Mahali Mombasa ingekuwa, jamaa akasimama na ndula zake nyeupe na akasema sasa nimpige picha. Ndio ile iko kwa profaili yake hadi wa leo.

Tukadishi pastéis de nata, vikeki vyao vya kastadi, kwa ile duka inaziuza tangu 1837. Zinakuja moto, mdalasini unanyunyiza mwenyewe. Jamaa alimanga bila kuongea, halafu akatoa hukumu: mamake angetia iliki. Nakubaliana na yeye mia kwa mia.

Tram nambari 28 nayo ilitubamba noma. Ni za kitambo, za mbao ndani, rangi ya njano, zinapanda Alfama kwa vichochoro vyembamba hadi unaweza gusa ukuta ukitoa mkono. Inapiga kona na dere hashtuki, watu wamening'inia, kengele inalia: ni nganya ya Rongai yenye imezaliwa miaka ya 1930. Chunga tu mfuko, wezi wanaipenda kuliko watalii.

Tulishuka katikati ya Alfama na hapo ndio nilikubali kuna watu hawahitaji ramani. Simu yangu ilikuwa inazungushwa na GPS, mshale unaruka ruka kati ya nyumba. Jamaa akashika njia tu. Kushoto, chini ya ngazi, kulia penye kamba ya nguo, pita mbele ya mama anachoma dagaa wakubwa mlangoni.

"Umejuaje?"

"Mji wowote wa kale hujengwa hivi. Kivuli kikizidi, wakaribia msikiti au kisima. Hapa wameweka kanisa."

Lisbon ilikuwa chini ya Waislamu hadi 1147, na Alfama bado imeshika mpango wa siku hizo. Hata tetemeko la 1755, lenye liliangusha karibu mji wote, huu mtaa uliponea. Tulitokezea juu, Santa Luzia, kwa ukuta wa vigae vya bluu vinaonyesha uwanja wa mfalme venye ulikuwa kabla tetemeko. Mto wote uko chini yako. Mimi nikapata mwonekano wangu wenye nilikuwa nimeuulizia tangu asubuhi.

Zamu yangu ya kuchagua ikafika, na nilijua nampeleka wapi: Panteão Nacional. Ni kanisa lilianza kujengwa 1682 na likamalizika 1966. Ndani kuna kumbukumbu ingine ya Vasco, tukaipita. Tulienda moja kwa moja kwa Eusébio. Mtoto wa Msumbiji, alizaliwa Lourenço Marques 1942, mabao 9 kwa Kombe la Dunia la 1966, na tangu 2015 amelazwa na marais wao. Jamaa aliinua mikono, akamsomea dua. Halafu tukaanza kubishana ile mechi ya Korea Kaskazini, Ureno imechapwa 3 bila, Eusébio anafunga 4, mchezo unaisha 5 kwa 3.

Ubishi ulitufikisha hadi uwanja wa São Domingos, mahali wasee wa Guinea-Bissau hukutana jioni. Wazee wawili walituskia tukisema "Eusébio" na "Korea". Mmoja akainua vidole vinne. Wakatuvutia viti, mimi nikapewa pombe yao ya ginjinha, jamaa hanywi akapewa kahawa, na sababu hatukuwa na lugha moja tukabonga kwa majina pekee: Coluna, Weah, Drogba, Oliech. Hata mchezaji wetu Wanyama walimjua. Hapo jamaa wa Kibokoni alisimama akapiga saluti.