Kiongozi, Tuliza Moyo Kwanza

Tuseme wewe ni sheha wa Chokocho. Ni alfajiri. Watu wanagonga mlango wako kwa nguvu. Mmoja analia, mwingine anapiga kelele. "Bwana Sheha, meli imezama!" Nawe unakumbuka kwamba mtoto wa dada yako alikuwa asafiri usiku ule. Utafanya nini kwanza?

Kwa watu wa Pemba jambo hili si hadithi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi. Ilikuwa inatoka Unguja kuja Pemba. Meli ile iliruhusiwa kuchukua watu wapatao 600. Usiku ule ilichukua watu wengi zaidi, na mizigo mingi. Watu zaidi ya 600 waliokolewa. Baadhi yao walielea kwa kushika magodoro yaliyokuwa shehena. Maiti 203 zilipatikana. Wengi hawakuonekana tena.

Rais wa Zanzibar wakati ule alikuwa Dk. Ali Mohamed Shein. Yeye alizaliwa hapa hapa Chokocho, mwaka 1948. Basi msiba ule ulikuwa wa nchi nzima, na kwake ulikuwa wa nyumbani pia. Zilitangazwa siku tatu za maombolezo. Kisha akaunda Tume ya kuchunguza. Angalia mambo haya mawili, ndugu msomaji. Maombolezo huwapa watu nafasi ya kulia. Uchunguzi huipa hasira yao mahali pa kwenda. Yote mawili yanahitajika, hata katika shehia ndogo.

Sasa turudi mlangoni kwako. Moyo unapiga mbio. Mdomo umekauka, pumzi ni fupi. Usione haya. Mwili unajitayarisha kukimbia au kupigana. Ndivyo tulivyoumbwa. Ubaya wake ni kwamba akili huona jambo moja tu. Utakimbilia pwani bila taa, bila simu, na bila kumwacha mtu wa kupokea habari. Manahodha wanalijua hili vizuri. Chombo kikiingia maji, nahodha haachi usukani akaenda kufua maji mwenyewe. Anabaki pale pale. Anasema nani afue maji na nani atue tanga.

Kwa hiyo kaa chini. Vuta pumzi polepole kwa pua. Itoe polepole zaidi. Fanya hivyo mara tano. Haichukui hata dakika mbili. Kisha sema kwa sauti ya chini. Watu huifuata sauti ya kiongozi wao. Ukipiga kelele, nao watapiga.

Yule anayepiga kelele zaidi, mpe kazi. Mpe daftari na kalamu. Aandike majina ya waliosafiri, umri wao, nguo walizovaa na waliofuatana nao. Mikono ikipata kazi, moyo hutulia kidogo. Na daftari lile litatakiwa baadaye.

Swali gumu litatoka kwa mama mmoja. Atakuuliza, "Mwanangu yu hai?" Utatamani kumwambia, "Yupo, usiwe na wasiwasi." Usimwambie hivyo kama hujui. Mwambie, "Sijui bado, mama. Nimeuliza. Saa nne nitakuja hapa barazani nikwambie nilichosikia." Usikisie idadi pia. Mwaka 2011 hesabu za mwanzo zilikuwa ndogo. Ripoti ya Tume ilipotoka Januari 2012, ilisema waliokuwamo melini ni zaidi ya 2,400, na waliopotea ni zaidi ya 1,300. Fikiri uchungu wa mtu aliyeambiwa kwanza kwamba wengi wamepona.

Hasira nayo itakuja. Watu watamlaumu nahodha, mwenye meli, Serikali, na wewe. Usiwaambie wanyamaze. Tarehe 18 Julai, 2012, kabla hata mwaka haujatimia, meli ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Waziri aliyehusika na usafiri alijiuzulu. Hasira ya watu ilikuwa na sababu. Wasikilize, uandike wanayosema, uyapeleke mbele.

Na mtoto wa dada yako je? Wapo wanaosema kiongozi halii. Mimi sikubaliani nao. Kiongozi anayejizuia siku tatu, hali wala halali, siku ya nne atamtukana mfiwa. Mwite imamu au mwalimu wa skuli. Mpe daftari kwa saa mbili. Nenda kwa dada yako ukalie naye. Kula kitu, kisha urudi.

Mambo mengine hufanywa kabla ya msiba. Sasa iko Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Pata namba yake ya simu leo. Iandike ukutani kwa herufi kubwa. Andika pia nani ana mashua yenye mashine, na nani anajua huduma ya kwanza.

Saa nne imefika. Watu wamekaa barazani, na yule mama yuko mbele. Hukupata habari mpya hata moja. Nenda hivyo hivyo, maana uliwaahidi. Waambie hujapata kitu, na uwatajie saa utakayorudi tena.