Je, Wajua? Pikapu ya Miraa na Trela la Farasi

Je, wajua kwamba mzigo uliozipa pikapu za Meru sifa ya mbio wala si mzito? Miraa ni majani na vijiti. Kinacholikimbiza gari ni kathinoni, kile kiini kinachomchangamsha mtafunaji. Huanza kufifia kijiti kikishachumwa, na saa 48 zikipita hubaki kidogo tu. Ndiyo maana vibunda hufungwa kwa majani ya mgomba ili vishike unyevu, na dereva anayepakia mjini Maua hana nafasi ya kupiga soga. Mbele yake zipo zaidi ya kilomita 250 hadi Nairobi. Zamani sehemu ya mzigo huo ilikuwa na ndege ya London ya kuwahi, mpaka Uingereza ilipofunga mlango Juni 2014. Muguka wa Mbeere, upande wa Embu, ni majani matupu, nao hunyauka upesi zaidi.

Sasa mpe dereva huyo huyo farasi wawili awapeleke Timau. Farasi mzima ana kilo 400 hadi 550, na ukiongeza trela lenyewe, karibu tani mbili zinafuata nyuma. Tena ni mzigo wenye miguu: unahama, unaegemea, unashtuka.

Muuzaji atakuambia Hilux au D-Max ya dizeli huvuta tani 3.5. Ni kweli kwa matoleo ya karibuni, ila mwulize swali moja: trela lina breki zake? Lisipokuwa nazo, kiwango hicho hushuka hadi kilo 750. Farasi wako mmoja na trela lake wameshakipita.

Tukiwa kwenye farasi, wajua kwamba nguvu-farasi moja si nguvu ya farasi mmoja? James Watt aliikadiria kwa kazi ya kutwa nzima, nayo ni sawa na wati 746 hivi. Kwa sekunde chache za kujikaza, farasi anaweza kutoa karibu 15.

Ukubwa wa injini nao hudanganya. Land Cruiser ya mgongo wazi yenye injini ya 1HZ ina lita 4.2 na silinda sita, lakini haina tabo. Nguvu yake ya kuzungusha ni nyutoni-mita 285. Hilux mpya ya lita 2.4 yenye tabo hufika 400. Tofauti hiyo huonekana zaidi milimani, kwa sababu injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kila unapopanda mita 1000, na Timau iko juu ya mita 2000. Hata hivyo 1HZ haikosi wapenzi, wala siwalaumu. Pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta, na fundi wa jua kali huifungua kwa spana na kuirudisha barabarani. Dizeli yoyote, mpya au kuukuu, haina plagi za cheche. Hewa hubanwa mpaka ikawa moto wa kuwasha mafuta yenyewe, kama Rudolf Diesel alivyoonyesha Augsburg mwaka 1897.

Wanunuzi wengi huuliza gari litapandaje. Mimi ningeuliza litashukaje. Barabara ya Embu kwenda Meru hukata mito inayotoka Mlima Kenya, na kila mto una bonde lake: unateremka, unavuka, unapanda, unaanza tena. Kati ya Chuka na Chogoria kuna daraja la Nithi, ambako basi lilitumbukia Julai 2022 na watu zaidi ya 30 wakafa. Mteremkoni, injini ya petroli hujizuia yenyewe kwa kuwa kilango chake cha hewa hujifunga ukiachia mafuta. Dizeli ya kawaida haizuii hewa namna hiyo, kwa hiyo hulishika gari kwa ulegevu zaidi. Malori makubwa hufungiwa breki ya ekzosi kuziba pengo hilo. Pikapu nyingi hazina, basi gia ndogo iingizwe kabla ya mteremko. Ukingoja breki zianze kunuka umechelewa.

Tukirudi kwa farasi: kule Lewa, hifadhi ya wanyamapori ya kaunti ya Meru, wageni hutazama pundamilia wakiwa wamepanda farasi. Wanyama hao ni ndugu, lakini pundamilia hubeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika bila kuumwa, visubi wakavisambaza, na farasi asiyechanjwa akafa.

Na farasi hawezi kutapika. Hawezi pia kusafisha koo lake vizuri kichwa kikiwa kimefungwa juu: vumbi na makamasi hushuka mapafuni, na safari ndefu ikaishia kwenye homa ya mapafu. Kwa hiyo kila baada ya saa chache dereva huegesha, akalegeza kamba na kumwachia ainamishe kichwa hadi chini, apige chafya apendavyo. Dakika 20 hivi, huku pikapu za miraa zikimpita taa zikiwaka mchana.