Miguu Anayo, Roho Ndiyo Iliyokatika

Mpwa wangu anaishi Soweto Mashariki, kitongoji cha Kibera kilicho upande wa Bwawa la Nairobi. Kila siku baada ya swala ya alfajiri huvaa viatu vyake vya mtumba, akakimbia mpaka Barabara ya Mbagathi na kuendelea, kisha akarudi kujiandaa kwa kibarua cha ujenzi. Majuzi aliingia mashindano ya kilomita 21, akaacha kwenye kilomita ya 15. Jioni alinipigia simu. Baada ya shikamoo akasema, "Mjomba, miguu ninayo. Roho ndiyo iliyokatika." Akaniuliza kama aviuze vile viatu.

Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa vijana wetu wa Pwani wanaodhani kwamba ujasiri wa mkimbiaji ni kitu mtu huzaliwa nacho.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor huko Wales walitoa matokeo ya jaribio moja. Watu 16 waliendesha baiskeli ya mazoezi mpaka wakashindwa kuendelea. Siku moja walifanya hivyo baada ya dakika 90 za kazi ngumu ya kufikiri, na siku nyingine baada ya kutazama filamu tulivu. Siku ya kazi ya kufikiri waliacha mapema zaidi, kwa takriban asilimia 15. Moyo, pumzi na misuli vilikuwa karibu vile vile. Kilichobadilika ni namna walivyouhisi ule mzigo: ulikuwa mzito kwao tangu mwanzo.

Sasa mfikirie kijana wa Soweto Mashariki. Anaamka na hesabu ya kodi, maji ya kununua kwa mtungi, na kibarua ambacho leo kipo na kesho hakipo. Akili yake imeshakimbia kilomita kadhaa kabla hajafunga kamba za viatu. Akiacha kwenye kilomita ya 15, si haki kumwita mwoga. Isitoshe, watu wa mtaa huo wanajua kuvumilia. Mwaka 2009 baadhi ya familia zao zilihamishiwa Lang'ata kupisha ujenzi wa nyumba mpya, na nyumba hizo zilikabidhiwa mwaka 2016. Miaka saba ya kungoja si mbio fupi.

Basi ujasiri hujengwaje? Sisi Waislamu tunalo somo nyumbani. Mtoto hafungi Ramadhani nzima kwa siku moja. Mwaka wa kwanza hufunga mpaka adhuhuri, mama akamsifu. Kisha hufunga mpaka alasiri, kisha siku nzima, kisha mwezi. Akifika utu uzima hana shaka kwamba ataiweza, kwa kuwa ameshaiweza. Kujiamini kwa mkimbiaji ni hivyo hivyo: ni ushahidi uliokusanywa kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Mtazame Eliud Kipchoge. Mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Wengi wangesema amekwisha. Mwaka 2013 akahamia marathoni na kushinda ya kwanza aliyokimbia, huko Hamburg. Mnamo Oktoba 12, 2019, mjini Vienna, alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, kwani alisaidiwa na makundi ya wakimbiaji waliobadilishana mbele yake, lakini dunia iliona kwamba jambo hilo linawezekana. Kwa miaka mingi amekuwa akiandika mazoezi yake kwenye daftari. Nakushauri mpwa wangu ufanye hivyo. Daftari la shule linatosha. Andika umbali, muda, na ulivyojisikia. Siku ya mashindano, shetani wa shaka akija kukunong'oneza, utakuwa na maandishi ya kumjibu.

La pili ni maneno unayojiambia. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2014 uliwafundisha watu, kwa muda wa wiki mbili, kujisemesha maneno ya kujitia moyo wakati wa mazoezi. Waliongeza muda wa kuvumilia kwa takriban asilimia 18, ilhali wenzao ambao hawakufundishwa hawakuongeza. Chagua maneno mafupi, yako mwenyewe, na uyazoee kabla ya siku yenyewe. Mwenye kutaka kumtaja Mola wake kwa kila hatua, na afanye hivyo. Muhimu ni ulimi usiachiwe kusema "siwezi" pasipo mtu wa kuupinga.

La tatu, ikate safari. Usifikirie kilomita 21. Fikiria mpaka nguzo ile ya umeme, kisha nyingine. Niya iweke usiku, kama ya saumu: viatu mlangoni, njia umeshaichagua. Asubuhi usianze kujadiliana na kitanda.

La nne, tafuta mwenzako. Kikuyu, si mbali na Kawangware, ndiko nyumbani kwa Henry Wanyoike. Mwaka 1995, akiwa kijana mkimbiaji, alipoteza karibu uwezo wake wote wa kuona baada ya kupatwa na kiharusi. Mwaka 2000 alikwenda Sydney kwa michezo ya Olimpiki ya Walemavu kukimbia mita 5,000 na mtu wa kumwongoza. Mwongozaji huyo alikuwa anaugua malaria, na nguvu zikamwishia njiani. Wanyoike, asiyeona, akawa ndiye anayemhimiza na kumvuta anayeona mpaka mwisho, na dhahabu wakaipata. Hakuna aliyefika peke yake.

La mwisho ndilo gumu kwa vijana: kujua kusimama. Machi 24, 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa kwetu Mombasa, kwenye uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo mara tano mfululizo. Joto letu na unyevu wake vilimshinda. Katika mzunguko wa mwisho aliachia njia, na Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua ushindi. Je, Bekele aliuza viatu? Mwaka uliofuata aliutwaa tena ubingwa wa nyika huko Edinburgh, kisha akaenda Beijing akarudi na dhahabu za mita 5,000 na 10,000. Hata Kipchoge aliacha marathoni ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, baada ya kupita kilomita 30.

Kuna uchovu wa kuvumilia na kuna hatari ya kutii. Mapaja yakiwaka moto, endelea. Ukipata kizunguzungu, maumivu ya kifua, au ukaanza kuchanganyikiwa, simama, tafuta kivuli na msaada. Uhai ni amana, na medali si sababu ya kuichezea.

Kwa hiyo mpwa wangu, viatu usiviuze. Uliacha kwenye kilomita ya 15, lakini 15 ulizikimbia, na hizo ni zako. Ziandike ukurasa wa kwanza wa daftari. Wiki ijayo kimbia kilomita 10 kwa utulivu na yule rafiki yako wa Kawangware, usishindane na mtu. Kisha 12, kisha 14. Ukifika 16, nipigie simu hata kama ni usiku. Nitafurahi kuliko ukishinda, inshallah.