Uzuri na Mvuto katika Magofu ya Kilwa

Kinachovutia hulikamata jicho mara moja. Kizuri hasa huendelea kutazamika hata mshangao wa kwanza ukishakwisha, kwa kuwa uzuri wake umo katika umbo lenyewe: vipimo, mwanga, na jinsi sehemu moja inavyoibeba nyingine. Waswahili huusema mvuto usio na kina kuwa ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Magofu ya Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, yana vyote viwili, mara nyingine chini ya dari moja.

Mfano ni Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne ya 15. Mafundi walipachika darini mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo, na mgeni akiingia huyaangalia hayo kwanza. Yalikuwa fahari ya mji uliotajirika kwa dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala. Mwenye fedha aliweza kuyanunua popote. Kisichonunulika ni mpango wa jengo: sakafu imegawanywa miraba tisa, kila mraba una dari yake, na matao yanashusha uzito kwenye nguzo chache bila kuziba nafasi. Kipimo cha haki ni kuuliza kinachobaki pambo likiondolewa. Katika makaburi ya kale ya Kunduchi na Kaole, kwenye pwani hiyohiyo, ambako mabakuli mengi kama hayo yameng'olewa yakaacha mashimo ya duara, nguzo za kaburi bado zimesimama kwa heshima yake.

Hata hivyo si kila pambo ni la juujuu. Mawe ya mihrabu na ya miimo ya milango yalikatwa kwenye matumbawe hai baharini, yakachongwa yangali mabichi na laini, kisha yakakauka na kuwa magumu. Nakshi hizo zimetoka ndani ya jiwe na zinafuata mkunjo wa tao. Ukizibandua, tao lenyewe linaharibika.

Ukubwa nao huvutia, na huweza kudanganya. Msikiti Mkuu ulipopanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14, nguzo zake zilichongwa kila moja kwa jiwe zima la tumbawe. Bila shaka zilistaajabisha, lakini upanuzi huo uliporomoka. Karne ya 15 ukajengwa upya kwa nguzo za pembe nane za mawe madogo na chokaa: kazi isiyo na makeke, na ndiyo iliyodumu. Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman juu ya jabali la bahari, lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, lakini halikukamilika na liliachwa mapema. Hata humo, birika lake la pembe nane lina uwiano ambao wingi wa vyumba hauufikii.

Tofauti hii ina uzito hata leo. UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaingiza kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, ikayaondoa humo mwaka 2014 baada ya matengenezo. Katika ukarabati wa aina hiyo, saruji hukauka upesi na kuacha ukuta laini unaopendeza, lakini hufungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe la tumbawe huliwa polepole nyuma ya lipu. Chokaa huupitisha unyevu nje, na kwa sababu hiyo hutumika kukarabati kuta hizo, ingawa huchelewa kukauka na haing'ai.